Ujira Sawa na Meza ya Mapatano

Mnamo mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliteua tume, mwenyekiti wake Sir Maurice Holmes, iangalie mishahara ya watumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Na ripoti ya tume hiyo ilipotoka mwaka 1948 iliweka kanuni ambayo wazee wetu waliofanya kazi za ukarani, ualimu na utabibu katika zama zile hawakuisahau mpaka wanaingia kaburini: ya kwamba mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na shahada ile ile, akaketi katika kiti kile kile na kutia sahihi barua zile zile alizokuwa akizitia sahihi Mzungu aliyemtangulia, atalipwa sehemu tatu katika kila sehemu tano za mshahara wa Mzungu. Hujja za kuitetea hali hiyo hazikukosekana katika zama zile. Ilisemwa kwamba Mzungu ametoka ng'ambo na hapatikani kwa bei ya mwenyeji; ilisemwa kwamba mwenyeji mahitaji yake ni machache; ilisemwa kwamba hazina haina uwezo. Mwaka 1954 tume nyingine, ya Sir David Lidbury, iliifuta kanuni ile ya tatu kwa tano, ijapokuwa posho za watumishi wa kutoka ng'ambo ziliendelea kuitunza tofauti kwa mlango mwingine, na leo hakuna mtu awezaye kusimama mbele ya umma akaitetea.

Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa muda wa karibu wiki mbili, wakawa wakikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Na katika malalamiko waliyoyatoa, pamoja na udogo wa mshahara na ughali wa maisha, walitaja kwamba hawalipwi sawa na watu wa mataifa mengine wafanyao kazi ile ile. Naliweka tukio hilo mbele ya msomaji kwa kuwa watu wale, ambao wengi wao hawakuingia darasani, walifanya mambo mawili kwa pamoja bila ya kuyatenga: walijikusanya wakawa kauli moja, na kauli hiyo waliitumia kudai haki, si kuomba hisani.

Sasa tujaalie kwamba mwaka 1949 kiongozi wa chama cha watumishi angalikwenda kuonana na wakubwa wa serikali, akakaa nao mezani siku tatu, akarudi kwa wenziwe na bashasha kuwaambia kwamba wameshinda, kwa kuwa zile sehemu tatu zimekuwa nne, na kwamba badala ya neema hiyo yeye amekubali posho ya nyumba isiongezwe kwa miaka miwili. Nani angalimpokea kwa vifijo? Wangalimwambia, na wangalisema kweli, kwamba amekwenda kununua kwa posho yao kitu kilichokuwa mali yao tangu asili, tena amekinunua nusunusu. Na kwamba kwa sahihi yake mwenyewe amekwisha kukiri kuwa Mwafrika ni mtu wa sehemu nne katika tano.

Sehemu nne katika tano, kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani, ndicho kiasi wanachokipata wanawake wa dunia hii, kwa wastani, wakilinganishwa na wanaume. Si tofauti yote hiyo iliyozaliwa na ubaguzi wa mwajiri mmoja mmoja. Ndani yake mna saa zilizopungua kwa sababu ya malezi, mna elimu iliyokatizwa, mna kazi ambazo milango yake haikupata kufunguliwa. Lakini ndani yake mna sehemu kubwa pia ambayo haina maelezo mengine ila kwamba kazi ifanywayo na wanawake huhesabiwa kuwa nyepesi kwa kuwa wafanyao ni wanawake, na sehemu hiyo haitofautiani hata kidogo, kwa mizani ya insafu, na kanuni ya Sir Maurice Holmes. Tofauti ni kwamba hii ya leo haikuandikwa katika ripoti, na kwa kuwa haikuandikwa, tumezoea kuiona kama jambo la kujadiliwa mwaka hata mwaka, baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, katika orodha moja na sare, chai ya saa nne na usafiri wa zamu ya usiku.

Mimi nasema kwamba usawa wa ujira kwa kazi yenye thamani sawa ni haki ya binadamu, na kwamba haki ya binadamu haiwezi kuwa bidhaa katika mapatano. Lakini nasema pia, na hapa ndipo ninapotengana na baadhi ya watetezi wa haki wanaodhani kwamba mahakama peke yake yatosha, kwamba bila ya chama chenye nguvu na bila ya mkataba wa hali bora uliofungwa vizuri, haki hiyo itabaki katika vitabu vya sheria, na mwenye haki atazeeka akiingoja.

Mwaka ule ule uliotoka ripoti ya Holmes, mwezi wa Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, na ibara yake ya 23 iliyaweka mambo haya mawili chini ya dari moja: kifungu cha pili chasema juu ya ujira sawa kwa kazi sawa bila ya ubaguzi, na kifungu cha nne chasema juu ya haki ya kila mtu kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Shirika la Kazi nalo likafunga mikataba miwili iliyofuatana kwa karibu, Mkataba Na. 98 wa mwaka 1949 juu ya haki ya kujiunga na majadiliano ya pamoja, na Mkataba Na. 100 wa mwaka 1951 juu ya ujira sawa baina ya mwanamume na mwanamke kwa kazi yenye thamani sawa. Na huu wa pili wenyewe wataja mapatano ya pamoja kuwa ni njia mojawapo ya kuutekeleza. Sisi tuliwatenga mapacha hawa. Tanganyika iliupokea Mkataba Na. 98 mwaka 1962 na Kenya mwaka 1964, uhuru ukiwa ungali mbichi. Ama ule wa ujira sawa, Kenya iliuridhia mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Miaka takriban 40 nchi zetu zilikuwa na haki ya kujadiliana bila ya kujifunga kwa ahadi ya usawa, na desturi zilizoota mizizi katika miaka hiyo ndizo tunazoziona hata leo.

Sheria, kwa hakika, hatunayo haba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na vyama haki ya majadiliano ya pamoja, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamwamuru mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi katika ujira, tena yamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi; na katika kifungu chake cha 8 mna jambo ambalo ningependa kila mwenyekiti wa tawi alisome kwa sauti mbele ya kamati yake kabla ya kwenda mezani: kwamba chama cha wafanyakazi chenyewe, si mwajiri tu, kimekatazwa kubagua, hata katika mkataba wa hali bora kinaoufunga. Maana yake ni kwamba ridhaa ya chama haiwezi kuuhalalisha ubaguzi. Pande mbili zikikubaliana juu ya dhuluma, sheria haiyatambui makubaliano yao.

Ukitaka kuiona dhuluma hiyo kwa macho, usiende kuitafuta pale ambapo mwanamume na mwanamke wafanya kazi moja kwa mishahara miwili, kwa kuwa hapo siku hizi huonekana kwa nadra. Nenda katika kiwanda cha korosho kusini mwa Tanzania. Utawakuta wanawake, safu kwa safu, wakibangua: mkono mmoja waweka korosho iliyokwisha kupitishwa kwenye mvuke baina ya makali mawili, mkono wa pili washusha mpini, ganda lapasuka, kisha kiini chatolewa kwa ncha ya chuma kikiwa kizima, maana kikivunjika chashuka daraja na bei yake yashuka pamoja nacho. Mafuta ya ganda lile huunguza ngozi, na kwa hiyo vidole vimepakwa majivu au mafuta ya nyonyo, na pamoja na hayo ngozi huwa nyeusi na kubanduka. Upande wa pili wako wanawake wengine wanaomenya lile gamba jembamba la ndani kwa kisu kidogo, wameinama tangu asubuhi. Hawa wote hulipwa kwa kilo. Nje, katika kiwanda hicho hicho, wako wanaume: mwangalizi wa boila, fundi, dereva, mlinzi wa lango, na hawa aghalabu hulipwa kwa mwezi, wakiugua mshahara wao haukatiki siku ile ile, na umeme ukizimika nao ni wafanyakazi wa mwezi vile vile.

Mwulize msimamizi kama kuna ubaguzi, naye atakujibu kwa dhamiri safi kwamba hakuna, kwa sababu kilo ni kilo, na mwanamume akija kubangua atalipwa bei ile ile. Jibu hilo ni la kweli, nalo halitoshi. Swali la haki haliulizi kama mwanamume abanguaye alipwa sawa na mwanamke abanguaye; lauliza kama kazi ya kubangua, ikipimwa kwa ujuzi unaotakiwa, kwa juhudi ya mwili na ya akili, kwa dhamana iliyomo mkononi mwa mfanyaji, na kwa hali ya mahali inapofanyiwa, ina thamani iliyo pungufu ya kazi ya kulinda lango au ya kuangalia boila. Sisemi kwamba jibu nalijua kabla ya kupima. Nasema kwamba hakuna aliyepima; ujuzi wa vidole ambao huchukua miezi kuupata haukuandikwa popote kuwa ni ujuzi, na zile asidi za ganda hazikuhesabiwa kuwa ni mazingira magumu ya kazi, ilhali jua la langoni limehesabiwa.

Nchi iliyolipitia jambo hili kwa marefu na mapana, na ambayo makosa yake yanafaa kutufunza kuliko mafanikio yake, ni Kanada. Mwaka 1977 Bunge la nchi hiyo lilitunga Sheria ya Haki za Binadamu, na katika kifungu cha 11 likasema kwamba ni tendo la ubaguzi kwa mwajiri kudumisha tofauti ya ujira baina ya wanaume na wanawake wafanyao kazi zenye thamani sawa mahali pamoja, thamani hiyo ikipimwa kwa yale mambo manne niliyoyataja. Tena likamkataza mwajiri kuleta usawa kwa kuushusha mshahara wa aliyekuwa akipata zaidi. Mwaka 1984 chama kikubwa cha watumishi wa serikali ya shirikisho, kwa Kiingereza Public Service Alliance of Canada, kilipeleka malalamiko kwa niaba ya makarani, na baadaye kwa niaba ya makatibu muhtasi, watumishi wa maktaba, wa hospitali na wengineo, wengi wao wanawake. Ulifanywa uchunguzi wa pamoja baina ya serikali na vyama. Serikali haikuridhika na matokeo yake, ikatoa kiasi ilichokiona yenyewe kuwa chatosha. Baraza la haki za binadamu likaanza kusikiliza shauri mwaka 1991, likatoa hukumu tarehe 29 Julai 1998. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 1999, na ndipo, siku chache baadaye, ilipokubali kulipa jumla ya dola za Kanada takriban bilioni 3.6 kwa watumishi wa wakati huo na wa zamani wapatao 230,000.

Miaka 15. Na katika shirika la posta la nchi hiyo hiyo, makarani waliolalamika mwaka 1983, wakitaka kazi yao ilinganishwe na ya wapanga barua na wapeleka barua, walingoja hadi Novemba 2011, Mahakama ya Juu ilipowapa haki yao papo hapo baada ya kusikiliza mawakili. Miaka 28, kiasi cha kwamba baadhi ya malipo yalipokelewa na warithi. Haki iliyo mahakamani tu, nje ya meza ya mapatano, hufika ikiwa imechoka namna hiyo.

Lakini liko jambo katika shauri lile la 1984 ambalo watu wa vyama vya wafanyakazi hawapendi kulitaja, nami naona sharti litajwe. Mishahara ile iliyohukumiwa kuwa ya kibaguzi ilikuwa katika mikataba iliyojadiliwa na chama chenyewe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila kundi la watumishi lilikuwa na mkataba wake, makarani peke yao, wa mabohari peke yao, na kila mkataba ulipokwisha kundi lilikwenda mezani kujilinganisha na mshahara wake lenyewe wa mwaka uliopita, likaomba asilimia kadhaa, likapewa. Asilimia ina hila yake iliyojificha. Mwanamke apataye shilingi 400,000 na mwanamume apataye 600,000 kwa kazi yenye thamani sawa, wakiongezewa wote wawili asilimia 10, mkutano mzima utashangilia usawa wa nyongeza, na pengo lililokuwa 200,000 litakuwa 220,000. Fanya hivyo kwa miaka 20, kwa nia njema kabisa, na utakuwa umejenga ukuta.

Mapatano nayo bila ya haki nyuma yake huporomoka kwa urahisi. Katika jimbo la Newfoundland vyama vilikaa na serikali mwaka 1988 vikafunga mapatano ya kuwainua kwa hatua wanawake wa mahospitalini mpaka wafikie usawa, ushindi wa meza uliokuwa mzuri kweli kweli. Mwaka 1991, nyongeza ikiwa haijaanza kulipwa, serikali ikatunga sheria ya kubana matumizi, ikalisogeza mbele deni hilo kwa miaka mitatu na kuifuta nyongeza ya miaka ya nyuma, yapata dola milioni 24. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2004, majaji walikubali kwamba wanawake wale wamebaguliwa, kisha wakasema kwamba dhiki ya hazina ya jimbo ilikuwa kubwa kiasi cha kuuhalalisha ubaguzi huo. Naheshimu mahakama, lakini hukumu hiyo siwezi kuikubali moyoni, kwa sababu dhiki ya hazina ndiyo hujja iliyotumika dhidi yetu katika zama za tatu kwa tano, na wanaochaguliwa kuibeba dhiki hiyo ni wale wale daima.

Kisha likaja la mwaka 2009, ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Tume iliyoongozwa na Profesa Beth Bilson ilikuwa imekwisha kuishauri serikali ya shirikisho, mwaka 2004, itunge sheria ya pekee ya usawa wa ujira, vyama vishiriki kikamilifu, lakini shughuli yenyewe isichanganywe na majadiliano ya kawaida ya mishahara. Serikali ya mwaka 2009 ikafanya kinyume chake. Ndani ya sheria ndefu ya bajeti ilipenyeza sheria nyingine juu ya ujira wa watumishi wa umma, ambayo iliuondoa usawa katika mamlaka ya tume ya haki za binadamu na kuutia katika majadiliano ya pamoja. Iliongeza nguvu za soko katika vipimo vya thamani ya kazi. Na iliweka faini ya hadi dola 50,000 kwa chama kitakachomsaidia au kumhimiza mwanachama wake kupeleka malalamiko. Watetezi wake walisema kwamba wamevipa vyama heshima: ninyi ndio wajuzi wa mapatano, basi patanisheni. Kwa kweli waliiteremsha haki kutoka mahali ilipokuwa sharti wakaiweka mahali ilipokuwa ombi, na yule ambaye angaliweza kumsaidia mwenye haki wakamtishia faini. Sehemu kubwa za sheria ile hazikupata kuanza kutumika, na mwaka 2018 ilifutwa pamoja na kutungwa Sheria mpya ya Usawa wa Ujira, iliyoanza kufanya kazi tarehe 31 Agosti 2021.

Katika sheria hiyo mpya ndipo ninapoona mambo mawili yamekaa mahali pake. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi hana hiari. Sharti atengeneze mpango. Palipo na chama cha wafanyakazi sharti iundwe kamati, theluthi mbili ya wajumbe wake kwa uchache wakiwa ni wawakilishi wa wafanyakazi, na nusu ya kamati kwa uchache wakiwa wanawake. Kamati inapima kazi, inalinganisha, inatoa hesabu, na nyongeza ipatikanayo huhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wa hali bora. Suala la kulipa au kutolipa halimo mezani kabisa. Lililomo ni jinsi ya kupima, nani apime na pengo lifungwe kwa hatua gani, na hayo ni mambo ambayo hakuna jaji ayajuaye kuliko mfanyakazi mwenyewe.

Nitaambiwa kwamba hiyo ni Kanada, nchi tajiri, na kwamba kwetu mwajiri akibanwa atafunga kiwanda. Wakati mwingine ni kweli, na chama kisichojali uhai wa kiwanda si rafiki wa mfanyakazi. Lakini mwajiri asemaye hana uwezo tumwombe afungue daftari, na akionesha kweli dhiki yake tupatane naye juu ya muda, mwaka huu sehemu hii na mwaka ujao sehemu ile. Asichoweza kupewa ni ruhusa ya kuidumisha tofauti. Wala utajiri si kinga. New Zealand, mwaka 2017, baada ya mhudumu mmoja wa nyumba ya wazee aitwaye Kristine Bartlett kushinda mahakamani akiwa pamoja na chama chake, serikali ilitenga dola bilioni mbili kwa miaka mitano kuwainua wahudumu wapatao 55,000. Na Mei 2025 Bunge la nchi hiyo hiyo likabadili sheria kwa dharura na kuyasimamisha madai 33 yaliyokuwa njiani, ili bajeti ipumue. Umaskini sio unaowafanya watu waipunguze haki ya mwanamke. Ni wepesi wa kuigusa haki hiyo kuliko nyingine.

Nitaambiwa pia, na hili husemwa chini chini ndani ya vyama vyenyewe, kwamba kulileta suala la wanawake mezani kutawagawa wanachama, kwani wanaume wataona fungu lao limepunguzwa. Hofu hiyo naielewa. Dawa yake ni ile waliyoiandika Wakanada mwaka 1977, kwamba usawa huletwa kwa kupandisha na haramu kuuleta kwa kushusha, na kifungu hicho chafaa kiandikwe katika kila mkataba wetu, kwa lugha nyepesi, ili mwanamume aliye dereva ajue kwamba hakuna anayeitazama shilingi yake. Zaidi ya hapo, mwajiri aliyezoea kupata kazi ya thamani kwa bei ya chini kutoka nusu ya wafanyakazi wake huwa na kigezo cha kuishikilia chini bei ya nusu iliyobaki. Wale makuli wa Mombasa walilijua hilo kuhusu rangi ya mtu kabla sisi hatujalijua kuhusu mwanamke.

Basi yako mambo ambayo vyama vyetu vyaweza kuyafanya katika mzunguko ujao wa majadiliano, bila ya kungoja Bunge wala hukumu. Wanaolipwa kwa kilo na vibarua wa kutwa, ambao katika viwanda vya korosho, mashamba ya chai na ya maua wengi wao ni wanawake, wahesabiwe ndani ya kundi linalojadiliwa, maana mkataba usiowataja huwa umewafungia nje wale wale wenye haja nao zaidi. Wajumbe wa chama mezani wasiwe wanaume watupu wakimwakilisha mwanamke kwa dhana. Abanguaye aje mwenyewe aeleze kazi yake hatua kwa hatua, na vidole vyake vionekane. Nyongeza ya walio chini iombwe kwa shilingi, si kwa asilimia. Na kabla ya neno lolote juu ya nyongeza kutamkwa, chama kimtake mwajiri alete mezani ule mpango wa usawa ambao sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimwagiza ausajili kwa Kamishna wa Kazi, pamoja na jedwali la kazi zote za mahali pale, kila kazi na ujira wake, idadi ya wanawake na ya wanaume waliomo, na kipimo kilichotumika kuupanga ujira huo. Mpango usipokuwapo, au ukawapo bila ya kipimo, liandikwe hilo katika kumbukumbu za kikao kabla ya ajenda ya kwanza kufunguliwa, na nakala ya kumbukumbu hizo ipelekwe kwa Kamishna siku hiyo hiyo.